Nukta Nyuma ya Bati

Kwenye mnada wa Jumapili pale Treptow, Berlin, wauza vikorokoro walikuwa wamempa Roswitha Kienast jina la utani: Mama Kisu. Si kwamba alikuwa mgomvi. Alikuwa mama wa watu tu, dereva wa tramu, miaka arobaini na saba, nywele fupi, mkoba wa turubai begani. Ila akishanunua mashine ya kujumlisha ya mfukoni, hata kona hajakata, anatoa kisu kidogo, anaibandua mgongo palepale, anachungulia ndani, halafu anaondoka bila kuaga. Wengi walisema kichwani hayuko sawa. Hata mimi, kabla sijajua anatafuta nini, nilikuwa nampisha njia.

Mashine zenyewe waliozaliwa zamani wanazikumbuka. Bamba la bati la ukubwa wa kiganja, jembamba kiasi cha kuingia mfuko wa shati. Ndani yake vimelala vibati vinane vyenye tarakimu. Unachomeka kijiti cha chuma kwenye tundu, unavuta chini, jumla inatokea dirishani. Hakuna betri wala nini. Zilipokuja za umeme, watu wakazitia hizi kwenye droo na kuzisahau, na wenye droo walipokufa zikaletwa mnadani pamoja na vijiko.

Roswitha alikuwa hanunui zote. Alitaka za Lohse tu, karakana ndogo iliyokuwa uani huko Kreuzberg, upande wa Magharibi enzi zile mji ulipokuwa vipande viwili. Na hata hizo za Lohse alikuwa anazigeuza kwanza asome anwani mgongoni. Zenye maandishi "Berlin SW 61" alizirudisha mezani. Hizo ni za kabla ya mwaka sitini na mbili, na za miaka hiyo alishafungua hadi akachoka. Alitaka zenye "1 Berlin 61", za baada ya posta kubadilisha namba zake, na kadiri ilivyokuwa ya karibuni ndivyo alivyoitaka zaidi.

Jumapili moja ya Oktoba, mwaka tisini na tano, aliiona moja kwenye meza ya muuza redio mbovu, imo ndani ya mfuko wake wa plastiki wa kijani. Mfuko wa kijani alikuwa hajawahi kuuona ila kwa kusikia. Akanyosha mkono, lakini mkono mwingine ukawa umeshafika. Ulikuwa wa mzee mmoja mrefu, koti limefungwa vifungo hadi kooni, na pesa alikuwa ameshaitoa.

"Bwana, hiyo nilikuwa naitaka mimi," Roswitha alisema.

"Na mimi nilikuwa naitaka, na bahati mbaya nimeshailipia."

"Basi niione mgongo tu."

Mzee akamtazama mkobani, akamtazama usoni. "Wewe ndiye Mama Kisu?"

"Wanasema."

"Basi mgongo utauona nikiwa nimeishika mimi."

Akaigeuza, amezibana kingo kwa vidole vyote kumi. Ilikuwa na "1 Berlin 61" vizuri kabisa, na vishikizo sita vya bati vilivyokuwa havijakunjuliwa hata mara moja. Roswitha akashika ukingo wa meza.

Mzee huyo aliitwa Egon Plath, mpima ardhi mstaafu. Kazi yake siku hizi ilikuwa kufuatilia asili ya mashine hizi: ipi ilitoka karakana gani, nani aligonga bati lake, nani alichapa tarakimu. Alikuwa na daftari nene lenye kila kitu, isipokuwa ukurasa wa Lohse ambao ulikuwa karibu mtupu, na jambo hilo lilikuwa linamnyima raha.

"Mfuko wa kijani walianza kuutumia mwaka sabini," alisema. "Sabini na mbili karakana ikafungwa. Nimeitafuta miaka kumi na mmoja. Niliwahi kuiona moja tu, imeshafunguliwa na mtu asiye na adabu."

"Si mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Umenitazama."

"Nina macho, mama, lazima yatazame mahali." Akaitia mashine mfuko wa ndani wa koti. "Ukikunjua vishikizo hivi, kimoja lazima kitakatika. Bati limezeeka. Kwa hiyo usiniombe."

"Nitakulipa mara tatu ya bei uliyonunulia."

"Hapana."

"Mara tano."

"Mama, mimi siuzi. Mimi nataka kujua. Karakana ile ilikuwa na meza tatu, nimeenda kupima chumba mwenyewe kwa futi. Na ilikuwa inatoa mashine elfu kwa mwezi. Niambie, nani alikuwa anaziunga? Hakuna anayejua, na wewe unazipasua tu kama karanga."

"Mama yangu," Roswitha alisema.

Egon akauliza kama anakunywa kahawa.

Waliketi kwenye benchi la kibanda cha soseji, na Roswitha, ambaye mambo haya alikuwa hajamweleza hata mume wake kabla hawajaachana, akamweleza mtu aliyemjua kwa robo saa.

Kazi ilikuwa inapelekwa majumbani. Wanawake saba, wengine wa Magharibi, wengine wa Mashariki, walikuwa wanakuja na mikoba kuchukua mabati, wanaenda kuziunga mashine juu ya meza zao za jikoni. Hedwig Kienast, mjane, alikuwa anavuka mtaa tu kutoka Treptow, upande wa Mashariki. Enzi hizo ukuta ulikuwa haujajengwa. Kila mmoja alikuwa na alama yake, anaikwaruza kwa ncha ya kijiti ndani ya bati la nyuma, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Mkaguzi akikuta mashine inakwama, anaifungua, anaona alama, anamrudishia mwenyewe. Alama ya Hedwig ilikuwa ndoana. Na kama nyumbani kuna mkono mwingine uliosaidia, mtoto au dada, unaongeza nukta kando ya alama yako, mkaguzi ajue aikague mara mbili. Nukta ya nyumba ya Kienast ilikuwa ya Roswitha tangu ana miaka minane.

Tena kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Msaidizi akiweza kuunga mashine nzima peke yake, vibati vyote vinane, mwenye alama hajagusa hata kimoja, basi mwenye alama anaacha kuweka yake. Inakwenda nukta peke yake. Mama aliyepeleka mashine ya nukta tupu alikuwa anasema mbele ya karakana nzima kwamba hii ni kazi ya mwanangu na naiamini kama yangu. Roswitha alikuwa anaitamani nukta hiyo kuliko viatu vipya. Kila mara alikuwa anakwama kwenye kibati cha saba.

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka sitini na moja, Hedwig alibeba mkoba wake wa mashine zilizokwisha. Rafiki wa kazini alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, angelala hukohuko Magharibi. Akamwachia binti mabati ya mashine moja mezani. "Nikirudi kesho nikikuta umeweza," alisema akivaa kofia, "ndoana siweki."

Na Roswitha akaweza. Jua lilikuwa halijazama, bibi yake, mama wa baba, anamenya viazi, na kibati cha saba kikaingia kama si chenyewe. Akaikwaruza nukta, akaifunga mashine, akaifunika kwa bakuli ili mama aje aifunue mwenyewe. Jumapili asubuhi askari walikuwa wametandaza seng'enge mwisho wa mtaa wao. Hedwig akabaki kule.

Angeweza kurudi, na hilo ndilo lililomkaa Roswitha kooni. Siku zile za mwanzo anayeingia Mashariki alikuwa hazuiwi, anayezuiwa ni wa kutoka. Lakini watu walisema jambo hili ni la wiki moja, litapita. Wiki ikawa mwezi, na baada ya mwezi anayerudi alikuwa anaulizwa maswali yenye harufu ya jela. Mtoto wa miaka kumi na tatu hayapimi hayo. Alingoja siku nane, kisha akalifunua bakuli na kuitupa ile mashine kwenye ndoo ya majivu. Barua ya kwanza ilipokuja, alichukua kalamu, akaandika IMEKATALIWA juu ya bahasha, kwa mwandiko ambao mama yake ndiye aliyemfundisha, akamrudishia tarishi mkononi. Barua tisa zilikuja. Tisa akazirudisha, na bibi hakumzuia. Ya tisa ilikuwa Aprili mwaka sitini na nne. Ya kumi haikuja.

Mwaka sabini na moja ilifika karatasi ya serikali kwamba Hedwig Kienast amefariki na kuzikwa.

"Na ukuta ulipofunguka?" Egon aliuliza.

"Makaburini kwake ni dakika ishirini kwa miguu. Nilikaa miaka miwili na nusu najiambia nitakwenda kesho." Roswitha alikuwa anaikunja kunja karatasi ya soseji. "Nilipokwenda, karani wa makaburi akafunua kitabu, akaniambia muda wa kupumzika kaburini ni miaka ishirini, umekwisha, hakuna aliyekuja kulipia mwingine. Wameshasawazisha. Ni majani tu, bwana. Sikujua hata nisimame wapi."

Egon aliufuta ukingo wa kikombe chake kwa kidole.

"Kwa hiyo nikaanza na mashine. Za mwaka sitini na mbili nimezikuta, ndoana yake ipo. Na nukta ipo, bwana. Mimi sipo, lakini nukta anaiweka. Sitini na tatu vilevile. Mwanzoni mwa sitini na nne, ipo. Baada ya hapo nakutana na alama za wenzake tu." Hapo akamtazama. "Nataka kujua kama baada ya barua ya tisa alinikatia tamaa. Basi. Sitaki kingine."

Mzee akaligusa koti lake pale palipolala mashine, kama mtu anayehakikisha hajaibiwa.

"Wanawake saba," alisema hatimaye. "Hii inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Nitaivunja bure na wewe utarudi nyumbani vilevile."

"Najua."

"Yuko mtu mmoja anayeweza kutuambia bila kuifungua. Aliyekuwa mkaguzi. Yuko hai, Neukölln, ghorofa ya tatu. Amenifungia mlango mara mbili. Anasema hana muda na wanaume wanaookota takataka."

Alhamisi yake, Roswitha akiwa hayuko zamu, walipanda ngazi hizo wote wawili, Egon nyuma, ametanguliza kofia mkononi. Ottilie Krahn, miaka themanini na sita, alijibu kupitia mnyororo wa mlango.

"Ni yule wa takataka?"

"Ni mimi, bibi. Lakini leo sijaja peke yangu."

"Naitwa Kienast," Roswitha alisema. "Mtoto wa Hedwig."

Mnyororo ukaanguka, na uso mdogo wenye macho yaliyotanda ukungu ukatokeza, unamtafuta kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kuona.

"Kumbe ndiye wewe mchelewaji," Ottilie alisema. "Ingia. Na huyo naye aingie, afute miguu."

Kulikuwa na keki ya plamu mezani, na aliikata kwa kupapasa huku akisema, maana mtu aliyekaa na habari miaka yote hiyo hahitaji kuombwa.

"Mama yako alinisumbua sana. Mashine zake safi, hazikwami, lakini nukta, kila moja nukta. Nami yenye nukta lazima niikague mara mbili, ndiyo kazi. Nikamwambia, Hedwig, msaidizi gani huyo? Nyumbani kwako nafika, hata paka huna. Unajua alinijibu nini? Anachelewa tu, Ottilie. Njia ni ndefu."

Roswitha aliuweka uma chini.

"Mwaka sitini na nne nikamjia juu. Nilikuwa na ulimi mimi, usinione hivi. Nikamwambia, Hedwig, mtoto hakutaki, barua zinakurudia, wewe unanikwaruzia manukta. Ukiweka tena nakupeleka kwa mzee Lohse." Ottilie aliweka kisu cha keki chini. "Neno lile ningeweza kulirudisha ningelirudisha. Yeye akachukua mabati yake akaenda."

"Akaacha?"

"Sijui, mwanangu."

"Ulikuwa mkaguzi."

"Nilikuwa nafungua zilizokwama. Zake hazikukwama. Tangu siku ile sikufungua ya kwake hata moja, na ukweli ni kwamba niliogopa kukuta na niliogopa kutokukuta." Akanyosha kiganja upande wa Egon. "Wewe, lete hicho ulichonacho. Nasikia unavyohema nacho."

Egon aliitoa mashine kwenye mfuko wa kijani, akaiweka mkononi mwa bibi kwa uangalifu wa mtu anayekabidhi kichanga. Ottilie hakuhitaji macho. Alishika kijiti, akavuta kibati cha kwanza chini, taratibu, akarudisha juu. Akavuta cha pili. Kwenye cha tatu akatikisa kichwa kwa kucheka.

"Mshumaa," alisema. "Wenzake walipaka mafuta ya cherehani, vumbi likaganda. Mzee Lohse aliamuru viungwe vikavu. Hedwig alikuwa anavisugua kwa kipande cha mshumaa na anadhani mimi sijui. Hii ni ya Hedwig."

Harufu ya nta ilimjia Roswitha puani, ya jikoni kwao, ya vidole vya mama yake vilivyokuwa vinateleza akimsuka nywele.

Egon alisimama. Alizunguka meza, akarudi alipokuwa, akakohoa.

"Una kisu chako?" aliuliza.

"Ninacho."

"Basi fungua wewe. Mimi nitaangalia nje kidogo."

Akaenda kweli kusimama dirishani, mikono nyuma, anatazama uani kwa bidii kama kwamba kuna kinachotendeka huko. Roswitha akakunjua kishikizo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikakatika kwa mlio mdogo, na mgongo wa Egon ukashtuka, lakini hakugeuka. Bati la nyuma likabanduka. Vibati vinane vikamwagika kwenye kitambaa cha meza, kati ya makombo.

Akaligeuza kwenye mwanga. Akatafuta ndoana. Alipitisha kidole, akapitisha tena, akalisogeza karibu na jicho.

"Kuna nini?" Ottilie aliuliza. "Semeni, mimi sioni."

"Nukta ipo."

"Na ndoana?"

"Ndoana hakuna."

Ottilie aliacha kutafuna. Dirishani, Egon akageuka polepole.

"Tazama vizuri," Ottilie alisema.

"Nimetazama. Ni nukta peke yake."

"Basi hiyo hakuiunga yeye," mkaguzi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazini. "Aliiunga binti yake. Ndivyo alivyoandika."

Roswitha alilishika bati lile kwa mikono miwili. Miaka thelathini na nne alikuwa amejifunga kifua, na kikafunguka hapo mezani kwa watu, bila aibu. Alilia kama mtoto aliyeachwa shuleni, makamasi na vyote, na Egon akampa leso yake iliyopigwa pasi kisha akasimama karibu naye, hajui aweke mikono wapi.

"Niliweza, mama," alikuwa anasema. "Jumamosi ile niliweza. Ilikuwa pale mezani, chini ya bakuli. Niliweza vyote vinane, na nikaitupa."

Hakuna aliyemnyamazisha. Ottilie alisogeza sahani ya keki pembeni ili isipinduliwe.

Alipotulia, Egon aliviinamia vibati vilivyotawanyika. Miaka yote aliyofuatilia mashine hizi alikuwa anajua zilikotoka, lakini kuziunga hajui. Alishika kimoja, akakigeuza huku na huku, akakirudisha.

"Kipi kinaanza?" aliuliza kwa unyenyekevu.

"Sogea," Roswitha alisema, akijifuta uso. "Bibi, una mshumaa?"

Ulikuwapo mmoja, kipande kilichobaki cha Krismasi iliyopita, chekundu. Roswitha akausugua kwenye kila kibati, pande zote mbili, akaanza. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vidole vilikuwa vimekuwa vikubwa, lakini vilikumbuka. Kwenye cha saba alikwama. Akakitoa, akakipaka tena, akapumua, kikaingia. Cha nane kilishuka chenyewe.

Kabla hajaufunika mgongo, alichukua kijiti cha chuma. Kando ya nukta alikwaruza ndoana, ndogo, taratibu, kwa namna aliyoiona ikikwaruzwa maelfu ya mara akiwa na kidevu mezani. Egon, ambaye kwa mashine isiyoguswa alihangaika miaka kumi na mmoja, akatoa daftari lake, akaanza kuandika kwenye ukurasa wa Lohse.

Roswitha akavikunja vishikizo vitano vilivyobaki.

"Umemaliza?" Ottilie aliuliza, kiganja kimeshanyoshwa. "Lete huku. Yenye nukta naikagua mara mbili."

Akapewa. Alivuta vibati vyote vinane, kimoja kimoja, akavirudisha juu. Kisha akakaa sawa kwenye kiti chake, akaanza upya.